Mtoto anakula mara ngapi? Mwongozo wa kulinda meno kwa kupanga chakula

Mzazi akiambiwa jino la mwanawe limetoboka, swali la kwanza huwa ni pipi ngapi amekula. Lenye faida zaidi ni hili: kwa siku nzima, kitu chenye sukari kimeingia kinywani mara ngapi, na kimekaa humo muda gani? Watoto wawili wanaweza kula sukari ya kiasi kilekile, mmoja akabaki na meno mazima na mwingine akaoza magego kabla hajajua kusoma. Hatua zilizo hapa chini zinafuata swali hilo. Hazihitaji chakula maalumu. Zinahitaji saa ya ukutani na msimamo kidogo.

Kinachotokea kinywani

Juu ya kila jino kuna ukoga, utando laini wa bakteria unaorudi hata baada ya kupiga mswaki vizuri. Bakteria hao, wakiwemo wale wanaoitwa Streptococcus mutans, hula sukari ileile anayokula mtoto na kutoa tindikali. Ndani ya dakika chache pH ya ukoga, kipimo ambacho hushuka kadiri tindikali inavyozidi, huwa imeshuka. Ikipita chini ya 5.5 hivi, enameli, lile tabaka gumu la nje ya jino, huanza kupoteza madini yake ya kalsiamu na fosfeti. Kisha mate huanza kazi: huosha, hupunguza ukali wa tindikali na kurudisha madini kidogo kidogo. Kazi hiyo huchukua nusu saa, pengine hadi saa nzima. Mtoto akitia kitu kingine kinywani kabla haijaisha, hesabu inaanza upya.

Jambo hili lilipimwa zamani, tena kwa njia ambayo leo hakuna kamati ya maadili ingeikubali. Katika miaka ya 1940, katika hospitali ya Vipeholm nchini Uswidi, wagonjwa wenye ulemavu wa akili walilishwa sukari kwa mipango tofauti. Waliopewa sukari pamoja na milo meno yao yaliharibika kidogo tu. Waliopewa tofi za kunata kati ya mlo na mlo, meno yalioza kwa kasi. Matokeo yalichapishwa mwaka 1954, na ushauri wa madaktari wa meno hadi leo bado unaegemea hapo.

Watoto huumia haraka zaidi kwa sababu enameli ya meno ya utotoni ni nyembamba kuliko ya meno ya ukubwani. Tundu likianza halichukui muda kufika kwenye neva. Na wale wanaosema "acha tu, yatang'oka" wanasahau kwamba magego ya utotoni hukaa kinywani hadi mtoto afike miaka 10 au 12. Ni miaka mingi ya kutafunia upande mmoja.

Hatua ya 1: Andika siku moja jinsi ilivyo

Chukua karatasi, andika kila kinachoingia kinywani mwa mtoto isipokuwa maji matupu, pamoja na saa. Usirekebishe kitu siku hiyo. Mwambie na anayebaki naye mchana aandike. Huu hapa mfano wa mtoto wa miaka minne ambaye nyumbani kwao wangeapa kwamba "hali vitu vitamu":

Saa 1 asubuhi, maziwa yenye sukari na mkate uliopakwa jemu. Saa 3, biskuti mbili. Saa 4 hadi saa 6 na nusu, juisi kwenye kikombe chenye mfuniko, anazunguka nacho na kufyonza kidogo kidogo. Saa 7 mchana, chakula, bila kitamu. Saa 9, zabibu kavu. Saa 10 na nusu, pipi moja ya kumnyamazisha. Saa 1 jioni, chakula na yogati tamu. Saa 2 usiku, baada ya kupiga mswaki, dawa ya kikohozi ya maji. Saa 3 usiku, chupa ya maziwa kitandani.

Pipi ni moja tu. Lakini hesabu mara: asubuhi, biskuti, juisi, zabibu, pipi, yogati, dawa, chupa. Ni mara nane, na ile juisi peke yake iliweka meno kwenye tindikali kwa saa mbili na nusu mfululizo, kwa sababu kila funda lilikuja kabla mate hayajamaliza kazi ya funda lililotangulia.

Sasa ipange upya siku hiyohiyo. Juisi, nusu ya ile ya kwanza, inywewe mezani saa 7 pamoja na chakula. Zabibu na pipi ziliwe mara tu baada ya chakula hicho. Biskuti za saa 3 ziwe tunda au kipande cha jibini. Kati ya milo, maji. Dawa itolewe pamoja na chakula cha jioni, kabla ya mswaki, na usiku iwe maji matupu. Zimebaki mara tatu. Mtoto bado amekunywa juisi yake, amekula pipi yake, na hakuna aliyelia sana.

Karatasi yako ikionyesha mara nne au pungufu, hali si mbaya. Ikiwa ni mara sita na kuendelea, fuata hatua zinazofuata kwa mpangilio huu, kwa kuwa nimeanza na zile zenye faida kubwa.

Hatua ya 2: Funga usiku kwanza

Kama utabadilisha jambo moja tu, liwe hili. Mtoto akilala mate hupungua sana, na pamoja nayo ule ulinzi wote niliotaja. Maziwa au juisi ikibaki kinywani usiku inazunguka meno ya mbele ya juu kwa saa nyingi. Ndiyo maana kuoza kwa watoto wadogo huanzia hapo juu mbele, huku meno ya mbele ya chini yakiwa salama: ulimi na mate huyafunika mtoto anaponyonya.

Chupa isipelekwe kitandani. Mtoto aliyezoea usingizi wa chupa unaweza kumpunguzia taratibu: kila baada ya siku chache ongeza maji kwenye maziwa ya usiku, hadi yabaki maji tu. Mbinu hii ni kwa mtoto aliyevuka mwaka mmoja. Maziwa ya mtoto mchanga hayachanganywi na maji zaidi ya inavyoelekezwa kwenye kopo. Kikombe cha kawaida kinaweza kuanza kuzoewa mtoto akiwa na miezi sita, na kufikia mwaka mmoja au baada yake kidogo chupa iwe imeagwa. Chuchu bandia isichovywe kwenye asali wala sukari. Asali yenyewe haipewi mtoto chini ya mwaka mmoja kwa namna yoyote, kwa hatari ya sumu ya botulizimu.

Na kunyonyesha je? Hapa kina mama hutishwa bila sababu. Kunyonya katika mwaka wa kwanza hakuongezi kuoza kwa meno, na Shirika la Afya Duniani linashauri kuendelea hadi miaka miwili na zaidi. Hatari huonekana pale mtoto aliyevuka mwaka, mwenye meno, ananyonya mara nyingi usiku kucha na mchana anakula vyakula vya sukari bila kusafishwa meno. Dawa yake si kumwachisha ziwa. Msafishe meno kabla ya kulala na upunguze sukari ya mchana.

Hatua ya 3: Safisha orodha ya vinywaji

Kati ya mlo na mlo, vinywaji ni viwili: maji, na maziwa yasiyo na sukari. Vingine vyote viende mezani pamoja na chakula au visiwepo.

Juisi ndiyo inayoponyoka kila mara, kwa sababu ina picha ya tunda kwenye pakiti. Tunda likiwa zima, sukari yake imefungwa ndani ya nyama ya tunda, na kulitafuna kunaleta mate. Likikamuliwa, sukari inatoka huru, na ndivyo Shirika la Afya Duniani linavyoihesabu: sukari ya juisi, hata ya kukamuliwa nyumbani, iko kundi moja na ile ya kijikoni na asali. Madaktari wa watoto wa Marekani, katika mwongozo wao wa mwaka 2017, walisema mtoto chini ya mwaka mmoja asipewe juisi kabisa, na wa mwaka mmoja hadi mitatu asizidishe mililita 120 hivi kwa siku. Kiasi hicho ni kidogo kuliko wengi tunavyomimina.

Soda zisizo na sukari hazilishi bakteria, ni kweli. Lakini tindikali yake ipo palepale, nayo inakula enameli moja kwa moja bila kusubiri bakteria. Hii ni aina nyingine ya uharibifu: jino halitoboki, linakonda, kingo zinakuwa za kioo na mtoto analalamika ganzi akinywa kitu baridi. Kwa hiyo usiifanye soda hiyo kuwa mbadala wa maji.

Namna ya kunywa nayo ina uzito. Glasi moja ikimalizwa kwa dakika tano pamoja na chakula ni tukio moja. Glasi hiyohiyo ikiwa kwenye kikombe cha kufyonza, au chupa ya michezo inayobebwa kutwa, ni matukio kumi.

Hatua ya 4: Weka saa za kula, na katikati ufunge jikoni

Milo mitatu na vitafunwa mara mbili vinamtosha mtoto aliyevuka mwaka mmoja. Acha angalau saa mbili kati ya kimoja na kingine. Mtoto akija na "nina njaa" dakika 40 baada ya kula, mpe maji kwanza, kisha mtajie saa ya chakula kinachofuata. Siku za mwanzo atalalamika. Baada ya hapo ataanza kula vizuri mezani, maana njaa ya kweli inafika naye, na mzazi aliyekuwa akilalamika "mtoto wangu hali" atagundua kwamba mtoto alikuwa akila kutwa.

Hatua ya 5: Chagua vitafunwa kwa jinsi vinavyoondoka kwenye jino

Tumezoea kupima kitafunwa kwa utamu wake. Jino linajali zaidi kinakaa muda gani. Fanya jaribio hili: mtoto akimaliza biskuti au vibanzi vya pakiti, subiri dakika kumi, kisha mwambie afungue mdomo karibu na dirisha. Tazama mifereji iliyo juu ya magego. Utaona uji mzito mweupe umejaza mifereji na kubana kati ya meno. Vibanzi si vitamu hata kidogo, lakini wanga wake unavunjwavunjwa na mate kuwa sukari, na unabaki pale hadi kitu kiuondoe.

Kwa kigezo hicho, zabibu kavu na matunda mengine yaliyokaushwa, ambayo wengi wetu huyaweka upande wa afya, yananata karibu sawa na tofi. Si sumu, yaliwe na mlo. Kinachofaa kati ya milo ni tunda bichi, mboga za kutafuna kama karoti, yai, yogati isiyotiwa sukari, na jibini. Jibini lina sifa ya pekee: linaleta mate mengi, lina kalsiamu na fosfeti, na likiliwa mwisho wa mlo linasaidia kupandisha pH haraka. Karanga nazo ni nzuri kwa meno, ila nzimanzima asipewe mtoto chini ya miaka mitano, atapaliwa.

Chingamu isiyo na sukari baada ya chakula inaongeza mate, kwa mtoto mkubwa anayejua kuitema.

Hatua ya 6: Soma lebo, dakika moja inatosha

Tafuta mstari wa sukari kwa kila gramu 100 au mililita 100, kisha zidisha kwa kiasi anachotumia mtoto. Soda yenye gramu 10.6 kwa mililita 100, kwenye kopo la mililita 330, inakupa gramu 35. Kijiko cha chai hubeba gramu 4 hivi, kwa hiyo hivyo ni karibu vijiko tisa. Huduma ya afya ya Uingereza imeweka kikomo cha gramu 19 kwa siku kwa watoto wa miaka 4 hadi 6, na gramu 24 kwa wa miaka 7 hadi 10. Kopo moja limevuka vyote viwili. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2015 unataka sukari ya aina hii isifike asilimia 10 ya nishati anayopata mtu kwa siku, na ikiwezekana iwe chini ya asilimia 5.

Kwenye orodha ya viungo, sukari ina majina mengi: sukrosi, glukosi, fruktosi, molasi, sharubati ya mahindi, juisi iliyokolezwa. Viungo hupangwa kwa uzito, kizito zaidi kikitangulia, kwa hiyo jina la namna hiyo likiwa la kwanza au la pili umeshapata jibu. Maneno "haikuongezwa sukari" hayamaanishi haina sukari.

Lebo ya kuangaliwa kwa makini kuliko zote ni ya dawa ya maji. Mtoto mwenye pumu, kifafa au maradhi mengine ya muda mrefu anaweza kunywa dawa tamu kila siku kwa miaka, mara nyingi usiku. Muulize mfamasia kama ipo isiyo na sukari. Ikiwa haipo, apewe wakati wa mlo pale dawa inaporuhusu, na asukutue kwa maji.

Hatua ya 7: Amua kuhusu pipi, kisha waambie wakubwa

Sioni faida ya kupiga marufuku kabisa. Mtoto aliyenyimwa hula kwa kujificha, na wa kujificha hapigi mswaki. Kinachofanya kazi ni pipi kuwa na mahali pake: mara baada ya mlo, inaliwa ikaisha, hadi siku nyingine. Kati ya aina zake, bora chokoleti inayoyeyuka na kumezwa kuliko pipi ngumu ya kumung'unywa nusu saa. Zile za kunata na zile chachu ndizo mbaya zaidi, kwani za pili zina sukari na tindikali pamoja.

Kazi ngumu ni bibi, babu na shangazi, ambao pipi kwao ni upendo. Usiwakatalie zawadi mbele ya mtoto, iombee muda. "Mama, ahsante sana, tumwekee, atakula akimaliza chakula." Mara nyingi hilo linapita bila ugomvi. Na usiitumie pipi kama tuzo ya kumaliza mboga, maana unamfundisha kwamba mboga ni adhabu.

Hatua ya 8: Mswaki upatane na chakula

Mara mbili kwa siku, ya mwisho ikiwa ndiyo ya mwisho kweli: baada yake ni maji tu. Anza jino la kwanza linapochomoza. Dawa ya meno iwe na floraidi, madini yanayoimarisha enameli, angalau 1,000 ppm (sehemu kwa milioni), kiasi ambacho huandikwa kwenye tyubu. Chini ya miaka mitatu, kiasi cha punje ya mchele. Miaka mitatu hadi sita, kiasi cha punje ya njegere. Ateme povu, asisukutue kwa maji mengi, ili floraidi ibaki kwenye meno. Mpige wewe mswaki, au umalizie alipoishia, hadi afike miaka saba au zaidi. Akiwa ametoka kunywa kitu kichachu, subiri nusu saa hivi, kwa sababu enameli wakati huo imelegea na mswaki unaikwangua.

Mahali ambapo maji ya kunywa yana floraidi nyingi kiasili, muulize daktari wa meno kabla ya kuongeza vidonge au matone yoyote ya floraidi.

Hatua ya 9: Inua mdomo wa juu kila mwezi

Mlaze mtoto mapajani, kichwa kikielekea kwako, uinue mdomo wa juu kwa kidole. Tazama ukingo ambapo jino linakutana na ufizi. Mstari au doa jeupe kama chaki, lisilong'aa, ni dalili ya mwanzo kwamba madini yanatoka. Hapo bado hakuna tundu, na hali inaweza kurudi nyuma ukipunguza zile mara za kula na kuongeza floraidi. Doa la njano iliyokolea au la kahawia limekwenda mbali zaidi.

Mtoto akikaribia miaka sita, chungulia pia nyuma kabisa ya magego yote. Hapo huota gego la kudumu bila jino lolote kung'oka, na wazazi wengi hudhani ni la utotoni. Linatoka na mifereji yenye kina na enameli changa, tena katika umri ambao mtoto anaanza kujinunulia vitu mwenyewe. Daktari wa meno anaweza kuiziba mifereji hiyo kabla haijaoza.

Ziara ya kwanza kwa daktari huyo inashauriwa iwe kabla ya mtoto kutimiza mwaka mmoja, hata kama meno ni manne tu. Mpelekee ile karatasi ya hatua ya kwanza, itamwambia mengi kuliko maelezo ya kukumbuka.

Nenda mapema, bila kusubiri zamu, ukiona tundu, jino lililobadilika rangi, maumivu ya usiku, au kijipu kwenye ufizi. Shavu likivimba kuelekea jichoni au chini ya taya, mtoto akiwa na homa, akishindwa kumeza au kupumua vizuri, ni hospitali siku hiyohiyo. Wakati mnasubiri, anaweza kupewa parasetamoli kwa kipimo cha umri wake. Aspirini asipewe, wala isisagwe ikawekwa kwenye ufizi. Inaunguza nyama ya kinywa, na kwa watoto ina hatari nyingine kubwa kuliko jino lenyewe.